Nyumba ya Kuta Tatu

Nyumba ya chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, hapa Kisugu, Kampala, ilitugharimu shilingi milioni nne, laki sita na elfu themanini. Nimehesabu mara mbili, safari ya kwanza nikianzia matofali, safari ya pili nikianzia mabati, na jumla imekataa kushuka. Ndani hakuna mtu. Kuna gunia la mkaa, baiskeli ya binti yangu isiyo na gurudumu la mbele, na harufu ya rangi ambayo haijapata pua ya kuizoea.

Aliyejengewa ni mama yangu.

Mama ni mjane wa askari polisi. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, na mama naye ni wa kaskazini lakini wa kabila jingine, kwa hiyo nyumbani tulisemezana Kiswahili, kile cha baraksi, ambacho mtu wa pwani akikisikia hushika kichwa. Nilizaliwa Naguru katika chumba kimoja cha askari. Tulikuwa watoto sita, na pazia katikati. Baba alipokufa mama hakuhama, maana mdogo wangu wa mwisho naye aliingia polisi akapewa chumba safu ya pili. Mama akahamisha kitanda hatua arobaini, akatundika pazia lilelile, akaendelea kuishi. Miaka tisa alikaa hapo na kijana wake, hadi kijana alipopata uhamisho wa kwenda mashariki. Chumba ni cha anayevaa yunifomu. Akiondoka huyu anaingia mwingine, na mke wake na jiko lake. Hakuna wa kulaumiwa, ndivyo tulivyolelewa. Tulipewa miezi miwili.

Mtu wa mbali ataniuliza: si ungemchukua tu mama akalala sebuleni kwako? Hapana. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake wa kiume. Mume wangu ni Mkenya wa magharibi, anauza spea za pikipiki upande wa Lubaga, na kwao sheria ni hiyohiyo, pengine kali zaidi. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yetu mama hakuwahi kuvuka mlango wetu. Akija, anatandikiwa mkeka uani, anakula hapo, na kabla jua halijalala anashuka kutafuta gari. Mume wangu akimwona barabarani, anavuka upande wa pili. Wakisalimiana, mmoja anaangalia mgomba, mwingine anaangalia viatu vyake. Mgeni angedhani kuna kesi kati yao. Hakuna kesi. Yeye humpelekea mama nyama kila Krismasi, mama humletea karanga za kusaga kila mavuno, na mimi ndiye nimekuwa mchukuzi wao miaka yote hiyo bila malipo.

Kwa hiyo tulipopata habari ya uhamisho, wazo la nyumba uani halikuhitaji mkutano. Nilimpigia mama simu. Akasema: "Nyumba yangu, mlango wangu, moto wangu. Hiyo naweza." Nilimsikia akicheka upande wa pili. Mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye tangu aolewe hajawahi kulala katika nyumba isiyo ya serikali.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuja na kamba na vigingi. Yeye ni askari, si fundi, lakini aliwahi kupangwa kulinda jengo la ghorofa miezi kumi na moja. Wenzake walisinzia. Yeye aliwatazama mafundi. Aliporudi kutoka lindo hilo alikuwa anajua kupiga timazi kuliko kulenga bunduki. Akapima, akachora kwenye udongo kwa kijiti, akasema:

"Dada, matofali elfu mbili."

"Elfu mbili za nini? Unajenga kanisa?"

"Kuta nne, dada. Nyumba ina kuta nne."

"Hesabu tena, Afande. Mmoja upo."

Nikapiga kofi ukuta wa nyuma wa nyumba yetu. Ukuta mzuri, mnene, umeshapigwa lipu, umelipiwa zamani. Uani hapo hatuna nafasi ya kuchezea, futi kumi na nne tu mpaka kwenye ua wa jirani. Tukiegemeza nyumba ya mama kwenye ukuta huo, chumba kinapata futi kumi kamili na njia ya chooni inabaki pana. Na matofali yanashuka hadi elfu moja na mia tano.

Mdogo wangu alikuna kisogo. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama atakubali?" akauliza.

"Kwani kuna nini? Mlango wake unaangalia huko, wetu unaangalia huku. Kampala nzima inalala hivyo. Nenda kwenye mizigo uone."

Mizigo, au muzigo kikiwa kimoja, ndivyo tunavyoita hapa vile vyumba vya kupanga vya safu, kimoja kimoja, kila mtu na mlango wake na ukuta wa jirani.

"Wale ni wapangaji," akasema.

"Wapangaji si watu?"

Akanywa chai yake. "Sawa. Wewe ndiye unayemjua mama yako."

Sentensi hiyo aliisema kwa heshima. Ningependa angeisema kwa hasira, ningebishana nayo.

Nilikokotoa akiba hapohapo. Matofali mia tano kwa mia tatu, laki moja na nusu. Mifuko mitatu ya simiti, laki moja na elfu mbili. Mchanga, kama elfu thelathini na tatu. Jumla laki mbili na elfu themanini na tano. Nikarudia hesabu, ikatoka ileile, na nakiri kwamba nililala nikiwa na furaha.

Matofali nilikwenda kununua mwenyewe. Mume wangu akipelekwa sokoni anatajiwa bei, anasema asante, anatoa pesa. Muuzaji alikuwa amekaa juu ya rundo lake kama anayeatamia, akaniita nyabo, yaani bibie kwa Kiganda.

"Nyabo, hii tofali ni ya moto kabisa. Mia tatu hamsini."

"Moto upi? Hii imeota jua tu. Mia mbili hamsini."

"Nyabo, unataka kuua mimi na watoto."

"Watoto wangapi?"

"Wanne."

"Haya, nimeongeza kumi kwa kila mtoto. Mia mbili na tisini."

Akaniangalia, akaangalia rundo, akasema: "Na mama yao ana mimba."

Tukamalizia mia tatu. Yalipoletwa niliyahesabu yakishuka, nikayahesabu tena yakiwa chini. Yalikuwa elfu moja, mia nne na sitini na mawili. Thelathini na manane yaliyobaki aliyaleta kesho yake kwa bodaboda, akinitukana kwa Kiganda chenye adabu.

Sitaki kudanganya: wiki zile saba zilikuwa nzuri. Mdogo wangu alikuja kila siku ya mapumziko yake, akavua yunifomu akaitundika kwenye kamba ya nguo, akashika mwiko. Mume wangu alibeba mchanga kila Jumapili baada ya ibada. Mikono yake imezoea grisi, simiti ikamla vidole mpaka akawa anashika kijiko kwa kiganja. Mimi nilikoroga zege. Mabinti zangu wawili walileta maji bombani, mtungi kwa mtungi, wakidai soda kila mtungi wa tano, na nikagundua kwamba ubahili unarithiwa. Tulikula posho, ugali wa hapa, na maharage tumekaa juu ya matofali. Mume wangu na mdogo wangu, ambao miaka yote walikuwa wanaongea habari za mpira tu, walianza kuongea habari za nyumba: nani atamwekea mama taa, nani atamletea kiti cha kuegemea.

Kuta mbili zilipofika kwenye ukuta wetu, mdogo wangu alichukua patasi akatoboa. Kila mstari wa tatu alitoa tofali moja la nyumba yetu na kuingiza jipya, nusu ndani nusu nje, ili ukuta mpya uume wa zamani. "Ukiuma namna hii," akasema huku akijipangusa, "hata tetemeko haliutoi." Mabati nayo tukayachomeka chini ya mabati yetu, mvua isipate pa kupita. Ilikuwa kazi safi. Fundi wa kweli angetudai pesa kwa kazi hiyo.

Mama hakuja kuangalia. Mama mkwe haendi kukagua kitu anachojengewa na mkwe wake, ingekuwa kama kumsimamia mtu anayekupakulia chakula. Alipiga simu tu.

"Mlango unaangalia wapi?"

"Mashariki, mama."

"Kizingiti kirefu?"

"Hakuna kizingiti. Magoti yako tumeyakumbuka."

"Moto nitawasha wapi?"

"Nje kulia, kuna kibaraza na bati."

"Dirisha lina nondo?"

"Lina nondo, na wavu wa mbu."

Kwa wiki zile saba aliniuliza maswali kumi na moja. Nimeyahesabu baadaye, nimeyapanga kwa mpangilio aliouliza. La ukuta halimo. Asingeweza kuliuliza. Mtu haulizi kama nyumba yake ina kuta zote. Simu yake ni ile ndogo yenye tochi, kwa hiyo picha tulimtumia mdogo wangu, naye akamwonyesha. Picha ilipigwa kutoka mbele: mlango wa buluu, dirisha, kibaraza. Mdogo wangu alisema mama aliishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto na kusema rangi nzuri.

Alifika Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya pikapu ya kukodi, mbele pamoja na dereva, mdogo wangu nyuma juu ya mizigo. Kitanda, godoro, masufuria, sanduku la chuma la baba. Majirani watatu, wanawake, walikuja kupiga vigelegele. Mume wangu alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la dirisha, kama inavyotakiwa.

Mama alishuka amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akaweka kiganja kwenye fremu, akatabasamu. Mdogo wangu alikwisha shusha godoro. Kisha mama akainamisha kichwa upande, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau.

"Njia ya kuzunguka iko wapi?"

"Kuzunguka nini, mama?"

"Nyumba yangu."

Akaenda kushoto, taratibu, kwa yale magoti, akafika mahali nyumba yake inapoingia katika nyumba yetu. Akarudi, akapita mbele, akaenda kulia. Ikawa vilevile. Akaweka kidole pale tofali jipya linapouma la zamani, akakipitisha kutoka chini hadi pale mkono ulipofika. Akainua macho kwenye mabati.

"Nyuma ya ukuta huu ni chumba cha nani?"

Ningeweza kusema ni stoo. Nimewaza jambo hilo mara nyingi.

"Chetu, mama."

"Cha kulala."

"Ndiyo, mama."

Akauondoa mkono ukutani, akaupangusa kwenye kitenge. Akarudi hadi kwenye godoro lililokuwa chini, akakaa juu yake. Vigelegele vilikufa kimoja kimoja.

"Mama, ni ukuta wa tofali. Mnene."

"Nimezaa sita katika chumba cha askari. Usinifundishe ukuta."

"Na Naguru? Si ulikaa na watu kila upande?"

"Wale walikuwa wakwe zangu?"

"Lakini mlango ni wako peke yako."

"Mlango ni wa kutokea. Kulala ni paa. Paa ni moja." Akapunguza sauti, lakini sauti ya mama haijui kupungua, amezoea kuita watoto katika kambi. "Nitamsikia akikohoa. Nitamsikia akigeuka kitandani, na wewe uko naye hapo. Yeye atanisikia nikiomba Mungu, atanisikia nikilia magoti. Kesho yake nitamwangaliaje?"

"Humwangalii hata sasa," alisema jirani mmoja, na wenzake wakacheka, halafu wakaona uso wa mama wakaacha.

Kutoka nyuma ya pazia, hatua nne kutoka tulipo, mume wangu akasema: "Mwambie mama anisamehe."

"Mama, anasema umsamehe."

"Nimesikia. Mwambie yeye hana kosa. Mwambie alibeba mchanga, Mungu amjalie."

"Amesikia, mama."

"Mwambie."

Nikaligeukia pazia. "Anasema huna kosa. Anasema Mungu akujalie."

"Mwambie asante," likasema pazia.

Mama akawa anavuta nyuzi za godoro. Bila kumwangalia yeyote akauliza: "Wazo hili lilikuwa la nani?" Mdogo wangu akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikasema ni langu.

"Uliokoa kiasi gani?"

Hakuuliza kwa nini. Ananijua.

"Laki mbili themanini na tano."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayepokea jibu sahihi. "Mimi ndiye niliyekufundisha kubana," akasema. "Unga, mkaa, sabuni. Lakini nilikuwa nabana vya kwangu."

Dereva wa pikapu alikuja kunong'ona kwamba kusubiri ni elfu kumi kwa saa. Nilimshusha hadi elfu tano. Sijui kwa nini naliandika hilo. Labda kwa sababu siku ile ndilo jambo pekee lililofanyika nilivyotaka.

Saa nane mchana tulipata chumba, muzigo mmoja chini ya mteremko, karibu na mtaro mkubwa. Laki moja na elfu thelathini kwa mwezi. Upande mmoja anakaa fundi wa kuchomelea, upande mwingine vijana watatu wa boda, na ukuta ni mwembamba kiasi kwamba vijana wakigombana mama anajua nani ana makosa. Kwao hana shida. Wanamwita Jaja, bibi, wanamnunulia muda wa maongezi, naye anawashonea vifungo. Juu kwetu, mlango wa buluu una kufuli.

Sasa ni miezi minne. Kodi imefika laki tano na elfu ishirini. Hiyo nimeihesabu mara moja tu.

Mvua zilipoanza nilishuka kumwona. Maji ya mtaro yalikuwa yamepanda hadi ndani, kina cha kifundo cha mguu. Masufuria yalikuwa juu ya meza, sanduku la baba juu ya viti viwili, na mama juu ya kitanda, miguu ameikunja, anashona. Nikaanza kulia, kitu ambacho mama hakipendi.

"Maji ni ya watu wote," akasema. "Hayakunijia mimi peke yangu. Acha."

"Njoo juu, mama. Nakuomba. Siku mbili tu, mpaka pakauke."

"Siku mbili zina usiku wake."

Nilipanda mlima ule na viatu mkononi. Nilimweleza mume wangu yote.  Kesho yake jioni akafunga blanketi na mto katika mfuko wa plastiki, akaenda kulala dukani kwake, kati ya matairi na minyororo, ili nyumba isiwe na mkwe ndani yake na mama apate kupanda. Alilala huko siku sita; nilitaka kwanza jambo lizoeleke, mama asipate pa kukataa. Nilipomweleza mama, nikidhani namletea habari njema, aliweka sindano chini.

"Mmemtoa mtu kwake kwa ajili yangu?"

"Amejitoa mwenyewe."

"Amelala chini?"

"Kuna maboksi."

"Mungu wangu. Kule kwao wakisikia, watasema nini juu yangu? Kwamba nilikuja, nikamfukuza?" Akaisukuma kando nguo aliyokuwa anashona. "Nenda umrudishe. Leo. Mwambie nimemwomba. Mwambie namwomba kwa magoti, na magoti anayajua yalivyo."

Akarudi. Tangu siku ile hatulali vizuri kitandani kwetu, tumekaa kama watu wawili katika chumba cha kungojea daktari. Akitaka kukohoa, anatoka nje. Upande wa pili wa ukuta hakuna mtu hata mmoja wa kumsikia, na bado anatoka nje.

Mdogo wangu yuko mashariki, kazini. Alipopigiwa simu alijaribu mzaha: "Dada, mfukuze shemeji moja kwa moja, mama aingie, na mimi nikistaafu nije." Hatukucheka. Akasema patasi ile angeitupa mtoni.

Basi nikamwita fundi mwingine, wa kulipwa. Alizunguka, akagonga, akapanda juu ya ngazi, akashuka na uso wa mtu anayekwenda kutaja bei. Alisema inawezekana kukata. Kuta mbili zikatwe pale zinapoingia kwetu, mabati yatolewe, ujengwe ukuta wa nne ndani, ibaki nafasi ya mtu kupita kiupandeupande. Chumba kitakuwa cha futi saba. Kitanda kitaingia, mtu ataingia, sanduku litabaki nje. Lakini meno yale ya matofali aliyoyachomeka mdogo wangu yakikatwa, ukuta wetu wa chumba cha kulala utalegea. Tayari una ufa, kutoka kona ya dari hadi chini, ambao sikuwa nimeuona mpaka aliponionyesha kwa kalamu.

"Utanipa dhamana?" nikamwuliza.

"Nyabo, aliyejenga alikupa dhamana?"

Alitaka milioni moja na laki tisa. Nilimwangalia tu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumwambia mtu apunguze.

Kisha wiki iliyopita mama alinitumia mmoja wa wale vijana wa boda, kwamba nishuke. Nilimkuta amevaa vizuri, chumba kimefagiwa, sanduku la baba limefungwa kwa kamba.

"Nitakwenda kaskazini," akasema. "Kwa baba yenu."

"Kwa baba kuna nini, mama? Nyumba ilianguka. Mchwa walimaliza."

"Kuna watoto wa mdogo wake."

"Wale wanakujua kwa picha!"

"Watanijua kwa macho."

"Na magoti? Hospitali iko wapi huko? Maji utachota wapi?"

"Watu wa huko hawachoti maji?"

"Mama, una miaka sabini na moja."

"Ndiyo maana. Sitaki kufia kwenye chumba cha kupanga mkaanza kuzungukazunguka na maiti, hii iingie wapi, mkwe atashika wapi." Alisema kama anayezungumzia mzigo wa kuni. Kisha akanishika mkono, jambo asilolifanya mara nyingi. "Sina hasira na wewe. Usidhani ni hasira. Mlinijengea. Mwanamke gani wa Naguru amejengewa? Mimi nimejengewa. Ila siwezi kuingia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hataacha msimamo wake, na kwamba ulikuwa unamuumiza kuliko ulivyoniumiza mimi. Anautamani ule mlango wa buluu. Aliniuliza kama kibaraza kinavuja. Aliniuliza kama wavu wa mbu bado uko. Nikamwambia uko. Akasema vizuri.

Nikamwuliza: "Mama, nikikata, nikajenga ukuta wa nne, pakawa na njia ya kuzunguka, utaingia?"

 Kwa upande wa pili fundi wa kuchomelea alikuwa anapiga chuma, akaacha, akapiga tena.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nakuambia kweli, sijui. Nyumba iliyokatwa sijawahi kuiona. Mama yangu hakunifundisha hilo, na wa kumwuliza wote wamekufa. Uliza watu."

Mume wangu amewapigia wazee wa kwao. Mmoja alisema ikishatengana basi imetengana, ni mbili, aingie. Mwingine alisema kilichokwisha kuunganishwa na mkwe hakitenganishwi na patasi. Wa tatu aliuliza kwanza atapewa mbuzi wangapi kwa jibu lake. Upande wetu hakuna aliyebaki mwenye umri wa kujua. Milioni moja na laki tisa naweza kuitafuta. Kuna mwenzangu sokoni ambaye atanikopesha, na ufa ule tutaukabili utakapotufikia. Lakini siwezi kuvunja chumba changu, kukata alichojenga ndugu yangu, kisha nimlete mama hadi mlangoni mara ya pili, mbele ya majirani walewale, aweke kiganja kwenye fremu, kisha akiondoe tena. Hilo mama hatalimudu, na mimi pia.

Basi la kaskazini amelichagua, la Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, hasa wenye mama wakwe, na wenye mila kama zetu, na wazee kama mpo: nyumba iliyounganishwa na ya mkwe, ikikatwa, je, inahesabiwa kuwa mbili, au inabaki ni ileile moja iliyokatwa? Mwenye kujua aniambie kabla ya Jumamosi hiyo. Asiyejua lakini ana mtu mzima nyumbani, tafadhali amwulizie.